Siku Nilipowageuza Mama Kevo Wawili Kuwa Mmoja

Mwalimu wenu wa darasa la kompyuta hapa Kianda ameniomba niwaandikie maneno machache kuhusu kazi yangu. Machache siyajui. Nimepiga chapa maneno ya watu wengine karibu maisha yangu yote: barua za kuomba kazi, hati za mapatano, wasifu wa marehemu, na barua mbili za mapenzi ambazo zilinitia haya hadi nikazichapa nikiwa nimefumba jicho moja. Hakuna mteja aliyewahi kuniletea machache. Kwa hivyo kaeni vizuri.

Jina langu ni Beatrice Mbithe, mzaliwa wa Machakos. Nyinyi mnaniita Shosh Beatie, yaani nyanya, nami naitika. Nilianza na taipureta hapa Kianda, Kibera, nikaingia kwenye kompyuta, nikamalizia kule Kawangware, kwenye saiba moja, duka la kompyuta, pale kituo cha Congo. Nimestaafu kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya vidole. Vidole bado viko kazini. Juzi nilijikuta nikipiga chapa juu ya benchi la kanisa wakati wa mahubiri, na mama aliyekaa kando yangu akadhani nimeshukiwa na Roho.

Nimekuja darasani kwenu mara mbili, nikakaa nyuma, nikawatazama. Mnabonyeza Kontrol na F kutafuta neno, kama mtu anayepiga chafya. Neno lisipotokea, mnasema, "Haiko," mnafunga faili na kurudi kwenye simu. Hiyo "haiko" yenu ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Nimewahi kumfanya mwanamke mzima akose kuwapo kwenye kompyuta, na alikuwapo, amesimama mbele yangu, ananifokea.

Lakini nianze na Mzee Okelo.

Mzee Okelo alikuwa mwajiri wangu wa kwanza, mtu wa kutoka kando ya Ziwa. Alikuwa na chumba kimoja, taipureta mbili, na kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, hata pasta. Mlango wa pili kulikuwa na fundi cherehani, na kila asubuhi mzee alipita pale kuokota vipande vya uzi. Nilidhani anashona vifungo. Kumbe alikuwa akivigundisha kwenye ukingo wa karatasi. Kila hati ndefu iliyotoka kwake ilikuwa na nyuzi zinazoning'inia: nyekundu penye majina, bluu penye masharti, ya manjano penye sahihi. Mteja akiuliza, "Wapi pale pameandikwa mambo ya ua wa ploti?" mzee anavuta uzi na ukurasa unafunguka wenyewe.

Nilimcheka. "Mzee, hiki ni kitabu ama ni sweta?"

"Mbithe," akasema bila kuinua macho, "karatasi haina mdomo. Usipoifunga kengele, itakaa kimya na kile unachotafuta kiko ndani."

Siku moja akanipa katiba ya kanisa dogo la mtaani, kurasa nyingi, ambalo mwenyekiti wake alikuwa amebadilishwa. Kazi yangu ilikuwa kutafuta jina la mwenyekiti wa zamani kila mahali lilipo, nilifute kwa dawa nyeupe na kuandika la mwenyekiti mpya. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Nilipofika sehemu ya nidhamu, yenye habari za washiriki wanaosinzia na washiriki wanaochukua waume wa watu, utamu ukanikolea. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Jina la mwenyekiti wa zamani lilikuwa mle katikati na sikuliona hata mara moja.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa zamani akatokea kanisani na nakala yake mkononi, akidai kwamba kwa mujibu wa katiba mpya, washiriki wanaosinzia wanapaswa kuripotiwa kwake. Akaomba kiti kimoja tu, kando ya madhabahu, cha kukalia huku akiwatazama. Walimpa. Mzee Okelo hakunigombeza. Alinifundisha kitu ambacho nimekitumia hadi leo: ukitafuta neno kwa macho, anza mwisho wa hati urudi nyuma. Ukisoma kutoka mwanzo utasoma hadithi. Ukisoma kutoka mwisho utaona maneno.

Kompyuta ilipokuja nilidhani shida hizo zimezikwa. Niliandika neno kwenye kisanduku kidogo, nikabonyeza, na mashine ikaruka kurasa thelathini na kulisimamia neno langu. Nilipiga makofi peke yangu. Nilitafuta jina langu kwenye kila faili, na mahali ambapo halikuwapo nikaliongeza chini, "Imepigwa chapa na B. Mbithe," kwa herufi nono.

Herufi nono, wanangu, zilinitesa. Kwa miaka nilifikiri nikinenepesha maandishi nimeyafanya kichwa cha habari. Mwanafunzi mmoja wa chuo akaniletea kazi yake ya kumalizia masomo. Nikamtengenezea orodha ya yaliyomo kwa mkono: kichwa, nukta, nukta, nukta, namba ya ukurasa. Nilizipanga nukta zile kwa kitufe cha nafasi hadi ziwe sawa kama meno. Akarudi kesho yake akitaka kuongeza shukrani kwa mama yake, nusu ukurasa tu. Kila kitu kikasogea. Sura ya tatu ikahamia mahali pa sura ya nne na nukta zangu zikatawanyika kama kuku waliosikia mwewe. Nikapanga upya. Akarudi tena, amemkumbuka na shangazi.

Ndipo nikagundua kwamba kunenepesha si kupandisha cheo. Lazima uiambie kompyuta kwamba mstari huu ni kichwa, kwa kuchagua mtindo wa kichwa pale juu. Ukishafanya hivyo, orodha yote inasimama kando ya ukurasa, unabonyeza kichwa, unafikishwa. Siku nilipoiona orodha ile nilimkumbuka Mzee Okelo, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, na nikalia kidogo. Zilikuwa nyuzi zake zilezile. Walisahau tu kuzitia rangi.

Na jambo lingine ambalo halimo kwenye vitabu vyenu, kwa sababu walioandika vitabu hivyo lugha zao hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Ukitafuta "kibanda" hutapata "vibanda". Ukitafuta "alilipa" hutamwona "wamelipa". Kata kichwa, tafuta kiwiliwili: andika "banda" tu, andika "lipa" tu. Utaletewa na takataka kidogo, utapata mabanda ya kuku ndani yake, lakini heri kuchambua mchele wenye mawe kuliko kulala njaa.

Sasa nije kwa Mama Kevo.

Hapa Kianda tulikuwa na kikundi cha akina mama, Tushikane. Kilikuwa na vibanda vinne pembeni mwa Soko la Toi, na kilivigawa kwa wanachama wake. Mwenyekiti alikuwa Mama Nekesa, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa katibu. Mama Nekesa aliamini kwamba katibu asiyeandika kila kitu anaficha kitu. "Andika," angesema. "Andika yote. Hata mtu akikohoa, andika amekohoa." Niliandika. Kumbukumbu za mikutano yote zilikaa kwenye faili moja, refu, bila kichwa hata kimoja. Nilikuwa sijajua bado habari za vyeo.

Mnajua jinsi tunavyoitana. Jina la kitambulisho ni la kitambulisho. Ukishazaa, wewe ni mama wa fulani, na hata mume wako anaweza kulisahau lile lingine. Basi katika miaka ile kila ploti ilikuwa na Kevo. Kikundi chetu kilikuwa na Mama Kevo wawili: Josephine Mueni, mtu wa Kitui, aliyeuza nguo za watoto za mitumba, na Pamela Atieno, ambaye wakati huo alikuwa hana biashara, ana mtoto mgongoni na ulimi mkali. Katika kumbukumbu zangu wote wawili waliandikwa "Mama Kevo". Sisi tuliokuwapo tulijua nani ni nani. Mmoja alikaa karibu na dirisha, mwingine karibu na mlango.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni la kila mwandishi wa mtaani. Tunaandika kana kwamba msomaji naye amekaa pale chumbani.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Mama Nekesa akapata habari kwamba kuna wageni watakuja kututembelea na huenda wakaomba kuona makaratasi yetu. Akaja mbio. "Mbithe, hii mambo ya Mama Nani na Mama Nani itoke. Weka majina ya ID. Tuonekane watu." Kisha akaongeza, "Na ile ya mbuzi pia utoe. Hiyo ni aibu."

Ile ya mbuzi nitaifikia.

Nilichukua orodha ya wanachama, jina la kitambulisho na la mtoto kando yake. Mama Kevo wa kwanza niliyemwona alikuwa Josephine Mueni. Sikuendelea kusoma. Pamela alikuwa mistari miwili chini. Nikaandika "Mama Kevo" kwenye kisanduku cha juu, "Bi. Josephine Mueni" kwenye kisanduku cha chini, na nikabonyeza Replace All, kile kitufe kinachobadilisha kila mahali kwa mpigo mmoja. Kompyuta ikanijibu kwa heshima kwamba imebadilisha mara mia moja na kumi na nne. Nilijisikia waziri. Wengine niliwabadilisha vivyo hivyo, ila Mama Nekesa; mwenyekiti nilimwogopa. Nikahifadhi juu ya faili lilelile, nikafunga mashine, nikaenda kunywa chai.

Ile habari ya mbuzi sikuitoa. Sikukaidi kwa hekima yoyote, msidanganyike. Niliiacha kwa sababu kila nikiisoma nilicheka, na kazi yangu haikuwa na vichekesho vingi. Wageni wakaja, wakapiga picha na Mama Nekesa, wakasifu chai, wakaenda. Hakuna aliyesoma hata mstari.

Miaka ikapita. Nilihamia Kawangware. Josephine naye alikuwa amehamia huko, ana duka lake la nguo. Kevo wote wawili walikua. Pamela aliendelea kuuza viatu kwenye kibanda alichopewa na kikundi, akajulikana Toi nzima kwa kumwambia mteja ukweli kuhusu miguu yake.

Mwaka juzi, Jumatano moja asubuhi, nikiwa katika miezi yangu ya mwisho ya kazi, Pamela akaingia saiba pale Congo bila hata "sasa" wala "habari". Alikuwa amebeba karatasi moja na jasho.

"Mbithe, nilikukosea nini?"

"Mama Kevo, keti kwanza..."

"Sikai! Na usiniite Mama Kevo, juu kwa hii karatasi mimi si Mama Kevo, mimi si mtu!" Akaipiga karatasi mezani. "Nimeuza viatu kwa hiyo kibanda tangu Kevo akitambaa. Saa hii Kevo ananyoa ndevu. Leo naambiwa kibanda ni ya Josephine!"

Mambo yalikuwa hivi. Safu ile ya vibanda ilikuwa inajengwa upya, na kamati ya wafanyabiashara ikataka kila kikundi kilete majina ya wenye vibanda pamoja na karatasi ya ushahidi. Mwisho ulikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Ambaye jina lake halimo, nafasi yake inapewa mwingine. Mama Nekesa alikuwa na nakala ya faili langu. Akaenda kwenye saiba moja huku Kibera, wakatafuta neno "kona", kwa sababu kibanda cha Pamela kiko kwenye kona. Likatokea. "Kibanda cha kona: Bi. Josephine Mueni." Wakachapa ukurasa huo, wakafunga, wakalipa, wakaondoka. Nyinyi pia mngefanya hivyohivyo. Jibu la kwanza likitokea mnalishika kama aliyeokota shilingi.

"Umeongea na Josephine?" nikauliza.

"Nimempigia. Unajua amesema nini? Amesema, 'Mimi sijaomba kitu. Karatasi ndiyo imesema. Kama nilipewa nikasahau, hiyo ni makosa yangu?'"

Nilifungua mkebe wa majani ya chai ninamoweka flashi zangu za zamani, nikaichomeka moja, nikatafuta "Mama Kevo". Hakuna hata mmoja. Nikatafuta "Pamela". Alikuwa kwenye orodha ya wanachama tu, mara moja, kama mtu aliyejiandikisha akafa. Hapo nikakumbuka kile kitufe. Mtaona ajabu, nami naona haya kuwaambia, lakini mkono wangu wenyewe ulikwenda ukabonyeza Kontrol na Z, ile ya kurudisha ulichofanya. Miaka yote hiyo baadaye. Mkono una ujinga wake.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia si Josephine, si Mama Nekesa, ni mimi, kwa kidole hiki. Nilitegemea matusi. Pamela akakaa chini kwa mara ya kwanza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mbithe," akasema polepole, "hiyo kibanda ndiyo imesomesha Kevo. Nikitoka hapo naenda wapi na huu umri?"

Nikarudi kwenye faili.

Nikatafuta "kibanda". Likatokea kila ukurasa, maana kikundi chetu kilizungumzia vibanda kama vile wengine huzungumzia hali ya hewa. Nikatafuta "banda". Mbaya zaidi, na kuku wakaingia. Neno "kona" lilikuwa lile moja tu. Nikamuuliza Pamela, "Ulipewa tarehe gani?"

"Tarehe? Nani anajua tarehe?"

"Mwezi?"

"Kulikuwa na matope."

"Pamela, Kianda matope yako kila mwezi."

Akafikiri. Akajikuna. Kisha macho yake yakafunguka. "Si ni ile siku ya mbuzi!"

Wanangu, kama mtasahau mengine yote, shikeni hili. Watu hawakumbuki tarehe. Wanakumbuka mbuzi. Ukitaka kupata kitu kwenye maandishi marefu, usitafute lile neno kubwa ambalo kila mtu amelisema. Tafuta kioja cha siku hiyo. Kioja hutokea mara moja tu.

Nikaandika "mbuzi". Wakaja watatu. Wa kwanza na wa pili walikuwa wa Krismasi, tumewajadili na hatukuwanunua. Wa tatu ndiye huyu, na nainakili sehemu hiyo kama ilivyokuwa siku ile:

"Bi. Josephine Mueni alisema kile kibanda cha karibu na choo apewe Bi. Josephine Mueni, kwa kuwa yeye mwenyewe hakitaki, anahamia Kawangware, na tena kinanuka. Bi. Josephine Mueni alisema hawezi kupewa kitu kwa dharau. Bi. Josephine Mueni alimwambia Bi. Josephine Mueni akae chini. Bi. Josephine Mueni alikataa kukaa. Wakati huo mbuzi wa jirani aliingia na kula orodha ya waliohudhuria. Mama Nekesa alikohoa. Bi. Josephine Mueni alimfukuza mbuzi hadi mtaa wa Olympic. Aliporudi alikubali kibanda."

Ndiyo maana "kona" halikusaidia. Siku ile hakuna aliyekiita cha kona. Choo kilibomolewa baadaye, ndipo kibanda kikapata jina la heshima. Na ndiyo maana hakukuwa na orodha ya sahihi za siku hiyo ya kutuonyesha Pamela. Ilikuwa imeliwa.

Pamela alisoma akisogeza midomo. Alipofika pale Josephine anamwambia Josephine akae chini, alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka hadi mwenye saiba akachungulia.

Kesho yake asubuhi tulikutana Toi, kwenye kibanda chenyewe, kati ya gambuti za mvua na viatu vya shule: mimi, Pamela, Mama Nekesa, mtu wa kamati aliyebeba daftari, na Josephine, aliyekuja amevaa vizuri kama mtu anayekuja kupokea kitu. Nilianza kwa kuungama mbele yao wote. Kisha nikasoma.

Nilisoma kwa sauti, polepole. Mtu wa kamati akanisimamisha. "Ngoja, madam. Huyu Josephine anagombana na nani?"

"Na Josephine," nikasema.

"Sasa huyo Josephine mwenye ako na shida na yeye mwenyewe, ndiye huyu?"

Kila mtu akamgeukia Josephine. Nikaendelea hadi "anahamia Kawangware, na tena kinanuka". Uso wa Josephine ukabadilika. Nilimwona akikumbuka, ndivyo mtu anavyoonekana anaposikia harufu ya zamani.

"Woi," akasema. "Nilisema hivyo. Kweli, nilisema kinanuka." Akatazama viatu vilivyopangwa, kisha akamtazama Pamela. "Mama Kevo, andikisha jina yako. Mimi nilikuwa nimeamini karatasi."

Mtu wa kamati akaandika "Pamela Atieno" kwenye daftari lake, zikiwa zimebaki dakika chache saa sita ifike. Mama Nekesa akanivuta kando. "Si nilikuambia utoe hiyo ya mbuzi?" Nikamjibu nilisahau. Akanitazama sana, akakohoa, na nikajua ningekuwa na kalamu ningeandika.

Pamela alinizawadia viatu vyeusi siku hiyo, ishara ya kunisamehe. Ni vidogo kwa namba moja. Sijui kama alikusudia.

Lakini kazi haikuwa imeisha. Jumamosi niliwaita Mama Kevo wote wawili Congo, nikawaketisha mmoja kila upande wangu, tukafungua faili. Kwanza nikatengeneza nakala, kitu ambacho ningekifanya zamani tusingekuwa pale. Halafu tukawapitia Bi. Josephine Mueni wote, mia moja na kumi na wanne, mmoja mmoja. Sikubonyeza kubadilisha zote. Nilibonyeza inayofuata, nikasoma, wao wakajibu. "Huyo mimi." "Hapo ni yeye." "Hapo nani alichelewa? Huyo lazima ni yeye." Kwa mbuzi wakabishana dakika kumi. Josephine alidai walimfukuza wote wawili, yeye akachoka tu mapema. Nilimwacha kwenye nusu ya njia, na Pamela akaenda peke yake hadi Olympic. Wote wakaridhika. Mwisho wa kila mkutano niliweka kichwa cha kweli, chenye cheo: Siku ya Mbuzi. Siku Mvua Iliingia. Siku Mama Nekesa Alikohoa Mara Tatu.

Kwenye mkutano uliofuata ule wa mbuzi tukakuta mstari huu: "Bi. Josephine Mueni alimwomba radhi Bi. Josephine Mueni kwa maneno ya mkutano uliopita."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia.

"Nani aliomba?" nikauliza.

"Si mimi," akasema Pamela.

"Mi sikumbuki kuomba mtu radhi," akasema Josephine.

Na mimi niliyeandika sikumbuki. Tulikaa vile tukitazama kile kimshale kinachopepesa. Hakuna kitufe cha jambo kama hilo. Niliweka kidole tayari kuruka niende kwa mwingine.

"Andika mimi," Josephine akasema. Alisema akitazama kioo cha kompyuta, hakumtazama Pamela. "Kama sikusema siku hiyo, nasema leo. Ningechukua kibanda yako, Pamela. Nilikuwa tayari nimechagua rangi ya kuipaka."

Pamela akasogeza kiti chake karibu. Kisha akanigusa bega. "Mbithe, ongeza laini hapo. Andika, Bi. Pamela Atieno alikubali."

Nikaiongeza. Ni sentensi pekee katika faili lile ambayo haikusemwa mkutanoni siku hiyo, na katibu mwaminifu angeifuta. Mimi sijaifuta, na faili likija mikononi mwenu, nanyi msiifute.